Ruhusa Kutoka Jeddah

Jeddah, 9 Februari 1997
Mwaka na miezi minne tangu niondoke Bondeni

Mke wangu Mejumaa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo. Saruji tunaipandisha ghorofa ya saba kwa mabega. Wanetu hawajambo?

Waniambia daktari Everlyne amekupiga picha za altrasaundi, titi na kwapa, akazitia kwenye kompyuta, nayo ikaonyesha saratani haijafika kwenye tezi za kwapani. Basi ataka kulikata titi upesi, na hospitali yangoja ruhusa yangu. Mama Kenga, kompyuta naijua. Ya ofisini hapa iliandika nimeacha kazi, nami nimesimama mbele yake na vumbi la saruji kichwani! Usikubali kitu mpaka nije.

Mumeo, Kalama

Bondeni, 2 Machi 1997

Baba Kenga,

Asalaam aleikum. Watoto wazima. Mimi nimekonda, lakini kanga zanisitiri.

Kompyuta haikati mtu, yapima tu. Daktari alinionyesha: picha ni vidoadoa vya kijivu, jicho haliwezi kuvitenganisha vyote. Kompyuta yavihesabu, yavilinganisha na picha za wanawake waliokwisha kupasuliwa na ugonjwa wao ukajulikana ulipofika. Akaniambia, "Mama, leo ugonjwa uko titini peke yake. Mwezi ujao siwezi kuapa."

Mamako ashikilia kwamba bila neno lako nisiende. Niandikie mstari mmoja tu.

Mkeo, Mejumaa

Bondeni, 1 Juni 1997

Baba Kenga,

Hujambo? Posta nimekwenda mpaka karani ananicheka: "Bi Mejumaa, huyo bwana hajui kuandika?"

Jana nimepigwa picha tena. Tezi tatu za kwapani zimeingiwa na ugonjwa, na ini lina alama zake. Daktari hakutaja kisu. Amenipa dawa za maumivu.

Mkeo, Mejumaa

Jeddah, 19 Juni 1997

Mke wangu,

Nashindwa hata kukuuliza hali.

Barua yako ya Machi niliipata. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro. Kompyuta ilikuwa kisingizio. Niliona haya, Mejumaa, watu wa Bondeni waseme mke wa Kalama ana titi moja. Kwa haya hiyo nikanyamaza miezi mitatu, nawe wangoja. Daktari alikuwa na haki, na mashine yake pia. Mwambie mama kosa ni langu, asikulaumu kwa lolote.

Tajiri wangu wa kazi amenirudishia pasi ya kusafiria aliyokuwa ameishika. Natarajia kufika Mombasa Jumatano, tarehe 2 Julai, kwa ndege ya alasiri.

Mumeo, Kalama