Alama Ndani ya Picha ya Usiku wa Hina

Mpendwa mshauri,

Juzi Zulikha, mpiga picha wetu hapa Tlemcen, alitutangazia wanawake wote wa ukoo kwamba kila nakala ya picha za hina aliyotutumia ina alama isiyoonekana kwa macho, kila mpokeaji na yake, na Alhamisi baada ya alasiri atakuja na kompyuta nyumbani kwa mama mkwe kutuonyesha picha iliyovuja ilitoka kwa nani. Ilitoka kwangu. Naomba msaada, sijui uso huu niufiche wapi.

Usiku ule wa hina, kabla ya harusi, simu ziliachwa mlangoni, wanawake wakavua mitandio, nami nikamwona Rabia, binti wa jirani, akicheza, nikamtamani awe mke wa mwanangu aliye Marseille, basi picha zilipokuja nikawakata wengine wote akabaki Rabia, nikamtumia mwanangu nikimwambia aitazame na aifute, naye akawauliza wenzake wanamwonaje huyu, na sasa imewafikia kaka zake Rabia na binti haruhusiwi hata kwenda chuoni.

Lawama imemwangukia wifi yangu Wassila. Mama mkwe alimwambia mbele yetu, "Wewe mdomo wako na simu yako ni pacha." Wassila akacheka akidhani ni utani, kisha akaona anacheka peke yake. Mimi niliendelea kufikicha unga wa kuskusi, sikuinua kichwa.

Je, kuikata picha hakufuti alama? Na Zulikha ana haki gani kututia alama kama kondoo wa Idi bila kutuambia?

Mama wa kijana, Tlemcen (majina yamebadilishwa)

Mama,

Hakufuti. Alama ya aina hiyo husambazwa picha nzima, na kipande ulichobakiza kinatosha kukutaja.

Zulikha amekosea. Alipaswa kuwaambia kabla ya kutuma. Mwulize anahifadhi nini kuhusu kila mmoja wenu na mpaka lini, lakini mwulize baada ya kukiri. Unalalamika kwamba hukuulizwa. Rabia naye hakuulizwa.

Kutafuta mkwe harusini si dhambi, sote tumefanya. Mama zetu walikwenda na macho, wakarudi na maneno tu.

Mwambie mwanao ampigie kila aliyemwonyesha, picha ifutwe, ingawa usitarajie itafutika yote. Nenda kwa mama yake Rabia, kaka zake wakiwepo, useme binti hana kosa. Neno posa lisitoke kinywani mwako. Kisha nenda kwa mama mkwe. Wassila alitukanwa mbele ya watu, basi asafishwe mbele ya watu wale wale.

Gazeti hili linatoka Jumanne. Zulikha anafika Alhamisi baada ya alasiri. Una Jumatano nzima.