Siku Mbithe Alipotupotea Efeso

S.L.P. 73,
Migwani, Kitui.
16 Juni 2025

Mpendwa shemeji Kaluki,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani, zangu na za dada yako. Hujambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Na Mutindi wenu, ameanza kutembea au bado anashikilia viti? Mwambie mumeo Jonah kwamba baridi anayoilalamikia huko ng'ambo Perth hata sisi imetufikia. Asubuhi hapa Migwani siku hizi hutoki nje bila sweta.

Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Ndengu tumevuna wiki iliyopita. Si nyingi, lakini za kula na za mbegu zimepatikana. Baba yenu Mzee Mbithi amepona kile kikohozi, na sasa amerudia kazi yake ya kugombana na mbuzi wa jirani.

Najua mmezungumza kwa simu na Mbithe tangu turudi safari. Alikueleza chakula cha melini, na jinsi nilivyotapika siku ya kwanza, akacheka mpaka simu ikakatika. Lakini ya Efeso hakukuambia. Ameniruhusu nikuandikie mimi, kwa sababu, anasema, aliyeogopa siku ile ni mimi, kwa hiyo mwenye habari ni mimi.

Habari ya macho yake unaijua. Daktari wa Kitui alisema ni presha ya macho. Dawa ya matone inaizuia isiende mbio, lakini kile kilichopotea hakirudi. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Ukisimama ubavuni mwake hakuoni. Ngazi na mashimo humshtukiza.

Basi tangu siku hiyo nikajifanya macho yake. Chai namimina mimi, maji nachota mimi, kanisani namshika mkono mpaka kwenye kiti chake cha kwaya. Sokoni nilimkataza kwenda peke yake kwa sababu ya pikipiki. Hakubishana nami. Nikadhani ameridhika.

Kanini wetu, kama ujuavyo, anafua na kupiga pasi katika ile meli ya watalii, na wafanyakazi wanaruhusiwa kuwaalika wazazi wao. Aliposikia ya daktari alinipigia simu siku hiyohiyo. "Baba, mlete mama aone kitu kikubwa angali anaona." Ndipo tukajikuta Ugiriki mwezi wa tano, mimi fundi cherehani wa Migwani na dada yako, tunapanda meli yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la Kitui mjini.

Tulifika bandari moja ya Uturuki inayoitwa Kusadasi mapema asubuhi. Kanini alikuwa na zamu, kwa hiyo tukapatana atatukuta ufuoni mchana. Sisi tukapanda basi na kundi la wageni, na mama mmoja Mturuki wa kutuongoza, ambaye muda wote alikuwa ameinua mwavuli wa manjano ili tusimpoteze.

Kaluki, sijui nikuelezeje. Ni mji mzima wa mawe, umelala kati ya vilima, na barabara yake imetandikwa marumaru kutoka juu hadi chini. Nyayo za watu zimeisugua ile marumaru hadi inang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Nguzo zimesimama kando, nyingine nzima, nyingine zimekatika kiunoni, na juu ya zile zilizokatika wamelala paka wanene wasiojali mtu. Ndiyo Efeso ileile ya Paulo tunayoisikia kanisani kila mwaka. Mimi siku zote nilidhani ni kijiji kama Kanyangi, chenye maduka mawili na njia ya vumbi. Kumbe walikuwa na mabomba ya maji chini ya barabara! Hata vyoo vyao vipo: benchi refu la marumaru lenye matundu, watu wakikaa bega kwa bega. Mbithe alilipapasa lile benchi akasema bila shaka umbea wote wa Efeso ulipikwa hapo.

Mimi nilikuwa nimemshika mkono, nikimtajia kila kitu. Kuna nguzo hapa. Kuna ngazi. Kuna mlango, juu yake kuna maua ya kuchonga. Mwishowe akasema, "Baba Kanini, nyamaza kidogo nami niangalie."

Tukateremka hivyo, mimi nikizihesabu ngazi moyoni.

Mwisho wa mteremko kuna uso wa maktaba ya kale, ghorofa mbili, na ukuta wake umesimama bila nyumba nyuma. Ndani ya nafasi zilizochongwa ukutani wamesimama wanawake wanne wa mawe. Shemeji, mimi nimeshona majoho ya kwaya na sare za shule tangu ujana wangu, na kitambaa nakijua. Aliyewachonga wanawake wale alikijua kuliko mimi. Nguo imewaangukia magotini, ikajikunja, ikabana kidogo kiunoni, mpaka unatamani kuishika ujue kama ni pamba au hariri. Na ni jiwe! Nikauachia mkono wa Mbithe ili nitoe simu nipige picha. Nilipiga ya kwanza, nikasogea, nikapiga ya pili.

Nilipogeuka, hakuwepo.

Mwanzoni nilidhani yuko karibu. Nikazunguka nguzo moja, nikazunguka nyingine. Watu walikuwa wamejaa kama siku ya mnada, wote na kofia, na makundi mengine yakizidi kuteremka. Nikaita. Sauti yangu ikamezwa na lugha zao. Nikarudi mbio juu hadi kule vyooni, nikateleza kwenye ile marumaru nikaanguka goti moja. Hapo ndipo hofu iliponishika kweli. Mimi mwenye macho mawili nimeanguka, yeye je? Mji ule una ngazi kila mahali na hakuna pa kushikilia. Nilimwona akilini amelala chini ya ukuta, na watu wamemzunguka wanamsemesha lugha asiyoijua.

Mama wa mwavuli alizungumza na askari, askari akazungumza kwenye redio yake. Wenzetu wakaanza kutazama saa, maana basi lilikuwa likitungoja. Mimi sikungoja. Nikashika barabara nyingine ya mawe inayoelekea bondeni, kwa kuwa huko ndiko nilikokuwa sijatafuta.

Barabara ile inakuleta kwenye uwanja wa maonyesho uliochimbwa ubavuni mwa kilima. Ndipo pale mahali ambapo wafua fedha walimfanyia Paulo ghasia. Viti vya mawe vimepanda safu juu ya safu, kiasi kwamba ungekusanya watu wote wa Mwingi na Migwani na bado nafasi ibaki. Nikaingia, nikainua macho, nikaiona ile sketi yake ya kijani niliyomshonea mwenyewe.

Alikuwa anapanda ngazi. Peke yake, polepole, mkono mmoja kwenye jiwe. Anasimama, anainamisha kichwa mpaka aione ngazi iliyo mbele, kisha anainua mguu. Alikuwa amefika juu kweli.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini nikafikiri, nikimshtua atageuka, na akigeuka ataanguka. Nikasimama pale chini katikati, mdomo wazi, mpaka nilipomwona amekaa. Ndipo nikasema, bila kupaza sauti, kwa Kikamba chetu:

"Mbithe."

Shemeji, wale watu walijua kujenga. Jina lilipanda mpaka kwake kana kwamba tumekaa meza moja.

"Nimekusikia," akajibu, kwa ile sauti yake ya kuongoza kwaya. "Usipande. Nitashuka mwenyewe."

"Nani amekuleta huku?"

"Ukuta. Niliushika kwa mkono. Nilimsikia yule mama akisema uwanja uko bondeni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa," nikasema.

Wageni waliokaa huku na huku walikuwa wakitutazama kama waliolipa kiingilio kutuona. Mbithe hakuwaona, na hata angewaona asingejali.

"Musyimi," akasema. Ujue huwa haniiti hivyo tangu tuzae. "Siku moja bomba hili litafungika kabisa. Nilitaka kujua kama nitaweza kwenda mahali nisipopajua. Sasa nimejua. Wewe unanishika mkono kana kwamba limeshafungika."

Nikarudi nyuma hatua moja, nikamngoja.

Akakaa kidogo zaidi, akitazama mbele, barabara pana iliyokuwa ikienda bandarini zamani. Kisha akaanza kushuka. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, ukiwa na macho au huna. Kila mguu alioushusha nami nilishusha pumzi. Mikono yangu niliiweka mfukoni, nikaifinya humohumo. Alipofika chini alikuwa ametoka jasho na vumbi limejaa viganjani, na uso wake, Kaluki, ulikuwa ule wa siku nilipokuja kwenu mara ya kwanza na wazee wangu.

Mama wa mwavuli alitugombeza njia nzima hadi kwenye basi. Alikuwa na haki.

Alipopoa alitueleza kwamba zamani bahari ilifika pale mjini. Mto ulileta udongo miaka na miaka, bandari ikajaa, maji yakarudi nyuma, na watu wakahama. Nikaiwaza mito yetu. Sisi tunajenga ukuta mtoni ili mchanga ujae na kutuwekea maji, tupate pa kuchota kiangazi. Wao mchanga uliwanyang'anya bahari yao yote.

Bahari yenyewe tuliikuta mbele, ufuo mrefu usio na mwisho, mchanga wa rangi ya uji wa wimbi. Kanini alikuwa ameshafika. Nikamsimulia yaliyotokea nikidhani atamgombeza mama yake. Alimtazama tu, akamkumbatia, wakaanza kucheka wote wawili, nikabaki kama mgeni.

Mbithe akavua viatu akanipa nishike. Akaingia majini mpaka magotini, sketi ameikusanya mkono mmoja. Mimi nilikuwa natazama mawimbi yaliyo karibu, nikiyahesabia ubaya. Yeye akanyoosha kidole mbali kabisa: "Kile pale ni wingu au ni kisiwa?" Mimi sikuona kitu. Kanini akakodoa macho, akasema, "Ni kisiwa, mama. Ni Samo, kiko Ugiriki." Ilinichukua muda mrefu kukiona.

Sasa niseme nililokusudia. Tangu turudi Mbithe huenda sokoni mwenyewe, na wenye pikipiki wamejifunza kumpisha. Juzi jioni akaniambia anataka kuja kwako Desemba, akae mwezi mmoja amlee Mutindi. Nikasema vyema, tutajipanga. Akasema hapana, yeye. Mimi nibaki na mbuzi.

Siku mbili nilishona sare za shule tu. Siku ya tatu nikampima mabega, nikaanza kumshonea koti la safari.

Kwa hiyo nakuomba, shemeji, mpokee. Ukimwona anatoka pale uwanja wa ndege, atakuwa akitembea polepole na kuinamisha kichwa. Usimkimbilie. Simama mbele yake, mahali anapoweza kukuona, umwache atembee mpaka akufikie.

Msalimie sana Jonah, na umbusu Mutindi kwa niaba yangu. Mzee Mbithi anawasalimu, na Kanini pia, kutoka huko baharini aliko. Mungu awafunike nyote na kuwazidishia afya mpaka tutakapoonana.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, mume wa dada yako,
Musyimi