Uturuki Haiko Fasi ya Pantalon Tu

Trabzon, Uturuki

Baba yangu mupenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na bote ba pale nyumbani Lweba. Goti lako linaendelea namna gani? Wilondja ananiambia ulirudi ku ziwa mbele hata ya kupona. Ningekuwa karibu ningeficha makasia, tungegombana, na Mama angecheka. Mvua je? Na ile paa ya jikoni, ilipigiliwa ao bado munahamisha sufuria kila mawingu yakija? Mimi niko muzima kabisa. Nimenenepa hata. Ile nguo ya kanisa uliyonishonesha imeanza kunikatalia ku mabega, na sababu yake utaipata hapa mbele, usiruke.

Naandika barua kwa sababu sauti zote nilizotuma ku telephone ya mudogo wangu Wilondja ulikataa kuzisikiliza. Tangu nitoke nyumbani hujaniambia neno hata moja, Baba. Lakini karatasi haikushindi, nakujua. Hata karatasi ya kufungia sukari unaikunjua kwanza uisome. Kwa hiyo nimekutega. Umeshaanza, huwezi kuacha.

Jambo lenyewe njo hili. Mwaka wa kujifunza Kituruki umeisha, nimefaulu, na sasa napaswa kuchagua masomo ya université. Na wiki hii hii baba mudogo Asende amenipigia kutoka Canada. Amenipatia nafasi ku chuo kimoja kule, anataka jibu mbele ya mwezi kuisha. Ile maneno tulidhani imekwisha imerudi tena: Canada ao Uturuki?

Unakumbuka siku bazee ba ukoo balikaa mu nyumba ya lubunga kuongea juu yangu. Vile bamama habaingiaka mule, mimi na Mama tulisimama inje ku ukuta, tunategea masikio. Ndiyo Baba, tulisikia yote! Baba mukubwa njo alifungua: "Uturuki ni fasi ya kununua pantalon. Dubai ni ya magari, Chine ni ya telephone, Inde ni ya kwenda kutibiwa. Fasi ya kusoma ni Canada na Ubelgiji. Tangu lini muntu akaenda kusoma ku soko?" Bazee bote bakaitika: "Njo vile!" Mama alinifinya mukono nisicheke. Halafu nikasikia sauti yako: "Mutoto wangu atangoja Canada." Pale kicheko kikaniisha.

Nilikuwa nimengoja Canada tangu nimalize sekondari na kupata diplome ya Etat. Kila mara dossier iko njiani, kila mara bado kidogo. Benzangu baliolewa, bengine balienda Misisi kuuza chakula ku machimbo, mimi niko palepale ku meza ya Mama, napima ndagala, ile samaki yetu ndogo ya ziwa, na kufukuza inzi. Uturuki ilinipa bourse ya kusoma, kitanda na chakula, ikasema kuja sasa. Nikaja. Asubuhi ya kutoka, Mama akalia, Koko aliyekuzaa akaniombea mpaka dereva wa pikipiki akachoka kungoja, na wewe ulikuwa ku muchanga unashona wavu, mugongo umetugeuzia. Hukunitemea maji mu mikono vile baba anafanyaka kubariki mutoto anaenda mbali. Mpaka tunapita Swima nilikuwa bado naangalia nyuma. Ile ilinichoma, Baba, nasema wazi, na mpaka leo inanichoma.

Basi, sasa nikuambie mutoto wako iko wapi. Nchi nilichagua, muji sikuchagua. Balinipanga tu Trabzon. Nikashuka na valise yangu, nikainua macho, nikasema, aka! Balinirudisha Fizi kwetu? Milima iko mu mugongo, ya kijani, na ukungu juu yake, inashuka mpaka ku maji vile Itombwe inatushukia sisi. Ila ukiangalia ngambo ya maji huoni milima ya Ubwari. Huoni kitu.

Wiki ya kwanza nguo zangu zote zilikuwa chafu. Ku nyumba ya banafunzi kuko mashine ya kufua yenye vifungo mingi, na kila kifungo kimeandikwa Kituruki. Nikaiogopa. Nikachungulia ku dirisha, naona maji mengi, ya bure. Mimi muzaliwa wa Lweba, nani atanifundisha kufua? Nikajifunga kikwembe, nikabeba beseni na sabuni, nikashuka mpaka ku mawe ya kando. Baba, ile sabuni ilikataa! Nasugua, povu hakuna. Naongeza, hakuna. Nikasema kwa sauti, "Eh! Hata sabuni yabo ni ya uongo!" Bantu balikuwa banatembea pale na batoto babo, banasimama, banapiga picha, mi nabapungia mukono. Mpaka jasho likanitoka, nikachota maji ninawe uso, ikaingia mu mudomo. Ayi Mama! Chumvi! Nikatema mpaka machozi ikatoka. Mu shule balitufundisha bahari iko na chumvi, na ku ile swali nilipata points zote. Lakini mikono yangu haikuuliza shule. Mikono iliona maji, ikajua ni Tanganyika.

Mama muzee mumoja alikuwa ameketi ku jiwe, alicheka mpaka kitambaa kikamuanguka kichwani. Jina lake Emine. Luga ya kuongea hatukuwa nayo. Akainuka, akanyakua beseni langu na kila kitu ndani, akaondoka nalo. Ningefanya nini? Nikamufuata. Ku nyumba yake akasuuza nguo zangu zote na maji ya bomba, huku ananigombeza kwa Kituruki, ile kugombeza ya koko kabisa, na moyo wangu ukatulia mara ya kwanza tangu nifike.

Halafu akafunua kikaango. Baba, kaa chini. Ndagala!

Banaitaka hamsi. Ni ndefu kidogo kuliko za kwetu, lakini mugongo ni ule ule, tumbo ile ile inayong'aa. Alikuwa amezipanga kwa duara, amezipaka unga, na ule unga ni wa mahindi. Sikulia Uvira, sikulia mu ndege, nikalia mbele ya kikaango. Emine akaona nalia, na yeye akaanza kulia bila kujua tunalia nini. Tulipomaliza kulia tukala.

Siku ingine nikamuomba ule unga nisonge bugali. Alipoona ile kazi ya mwiko akaita majirani baone. Bakauliza kama bugali inakatwa na kisu. Nikabaonesha: unafinya, unaviringa, unabonyeza, unachotea mboga. Emine akajichoma vidole, akapiga kelele, akaongeza. Tangu pale, kila siku ya Yenga nikitoka ku maombi (tuko Bakongomani kidogo tu, tunaombea mu chumba cha mumoja wetu) napita kwake. Yeye anakata vichwa vya hamsi anatupa, mi nakula na kichwa, anafunika macho asione. Sasa umeelewa sababu ya nguo ya kanisa.

Usifikiri ni kucheka tu. Baridi ya huku inaingia mpaka mu meno. Kulikuwa na siku mu darasa nilielewa paka jina langu tu, bakiniita naitika, basi, kingine sijui. Mu bus bantu bananiangalia kama televizyo. Kuko jioni nilifungua valise ninuse tu kikwembe cha Mama, nikafunga tena. Lakini luga iliingia pole pole, kwa mudomo wa Emine na kwa soko ya samaki.

Ile soko njo iliniharibu kichwa. Emine iko na mutoto mwanaume muvuvi, akatupeleka mimi na mama yake mpaka ku bandari. Samaki inafika, ni hamsi tupu, na hakuna inayopotea. Ingine inaingia ku barafu, ingine inatiwa chumvi mu mapipa, ingine inafungwa mu makopo. Mvua inanyesha, theluji inaanguka, na hakuna muntu anaangalia mawingu! Nikasimama pale nawaza bamama ba kwetu. Mvua ikikazana, ndagala inaoza ku muchanga, na Mama, niliyemuona kwa macho yangu, anazoa biashara yake yote na pawa ya kuzolea muchanga, anairudisha mu ziwa, halafu anakuja kupika majani ya sombe tupu, bila samaki, na kusema leo hana njaa. Wewe umevua usiku kucha, na kazi yako imeoza mbele ya saa sita. Baba, ile haiko lazima. Bantu banaijua dawa yake, na inafundishwa hapa hapa, mu université ya muji huu.

Kwa hiyo nataka kusoma samaki. Nimeshasema. Najua bazee batasema nini mu lubunga: "Riziki amevuka mabahari yote kwenda kujifunza ndagala!" Bacheke, mimi mwenyewe nilicheka. Na umuambie baba mukubwa, pantalon pia nitamuletea, anitumie tu kipimo cha kiuno.

Canada ni nzuri, na baba mudogo Asende ananipenda, namushukuru sana. Lakini nafasi aliyonipatia ni ya kazi za bureau, na mbele ya kufika nitaketi tena kungoja visa. Moyo wangu uko hapa. Hata hivyo sijamujibu, na sitamujibu mbele ya kusikia mudomo wako. Ukisema Canada, nitakwenda Canada, na sitanuna. Mara ya kwanza niliondoka bila neno lako, na ilinilemea kuliko valise. Mara ya pili siwezi. Baba, niambie tu. Hata kama ni kunigombeza, unigombeze, nisikie.

Nilikuwa nimeandika mpaka pale jana, nikaacha kalamu niende kupika. Telephone ikalia. Ni sauti kutoka kwa Wilondja, nikajua anataka tena nimutumie picha za theluji. Nikafungua huku nakoroga.

Kumbe ni wewe.

Kwanza ulikohoa vile unakohoaka mbele ya kuomba ku kanisa. Hukusalimia. Ulisema: "Riziki. Asende amenipigia, amenieleza. Maneno ya Canada nitaimaliza na yeye mwenyewe, wewe usijisumbue." Halafu nikasikia kuku, nikasikia Mama anasema, "Muulize basi!" Na wewe: "Nauliza! Wilondja amenionesha picha ya ile samaki ya huko. Banavua na wavu wa macho gani?" Halafu ikakatika.

Bugali ikaungua, Baba. Ikaungua kabisa, chumba kizima kikajaa moshi, binti ninayelala naye akafungua dirisha theluji ikaingia ndani, na mi niko nacheza mu kati ya chumba, mwiko mukononi. Akaniuliza kumetokea nini. Nikamuambia baba yangu ameuliza juu ya wavu. Hakuelewa kitu, lakini akacheza na mimi.

Nimesikiliza ile sauti mpaka nimeijua kwa kichwa, na mahali pa kukohoa pia.

Barua hii nampa mwanafunzi mumoja wa Burundi anayerudi kwabo. Ataiacha Uvira, Wilondja aende kuichukua, na asiifungue njiani, namujua. Musalimie Mama, umuambie kile kikwembe chake bado kiko na harufu ya nyumbani. Musalimie Koko, maombi yake ilifika mbele yangu. Musalimie baba mukubwa na bazee bote ba lubunga, musalimie shangazi wa kule Baraka na batoto bake, na muchungaji aliyenipima Kiingereza changu mbele ya kutoka. Baba mudogo Asende nitamupigia mimi pia, nimushukuru na kumuambia nabaki huku, usimukaripie sana. Emine anabasalimia. Anasema mama yangu anajua kulea, lakini hakunifundisha kufua.

Jibu la swali lako nimeliweka mwisho kwa kusudi, usome zote.

Leo asubuhi nimerudi ku bandari. Theluji ilikuwa inaanguka, bavuvi banatengeneza nyavu zabo vile wewe unafanyaka, mguu mumoja umenyooka, meno yanashika uzi. Nikaomba mumoja wabo, muzee, ruhusa nipime jicho la wavu wake. Kidole changu kidogo hakipiti, Baba, kinaishia ku ukucha. Nimechora jicho moja hapa pembeni ya karatasi, ukubwa wake kamili, uweke kidole chako uone.

Yule muzee akaniangalia, mimi Mukongomani niliyejifunga kikwembe juu ya koti, nimeinama mu wavu wake. Akauliza, "Wewe mwanafunzi, nani anataka kujua mambo haya?"

Nikamuambia, "Baba yangu. Yeye njo amenituma."

Mutoto wako,
Riziki