Maiti wa Tatu Kutoka Kushoto

Jumamosi, Novemba 2006. Thornton Heath.

Ukungu tangu asubuhi, umekaa juu ya mapaa kama mgeni aliyesahau alichofuata. Saa kumi alasiri na taa za barabarani zimeshawaka. Bomba la joto linagonga lenyewe ukutani: kimya, kimya, kisha ngo! Nimelizoea miaka yote hii. Leo kila likigonga nageuka.

Basi niungame mapema. Mimi nimewahi kufa.

Ilikuwa mwaka 1998, kwenye filamu ya kuogofya, sehemu ya pili, ndani ya hospitali iliyofungwa huku huku kusini mwa London. Nilikuwa maiti wa tatu kutoka kushoto. Jina langu halimo mwishoni, wala sura haionekani, ila tumbo ni langu, silikani. Mwenzangu wa kazini aliniambia wanatafutwa watu wa kulala tu. Nikaona hatimaye nchi hii imetambua kipaji changu.

Dada yangu Zuwena, wa Harrow, aliposikia alinipigia simu papo hapo. "We Sudi huna haya! Mtu mzima na akili zake anajilaza chini ya shuka jeupe, anajifanya maiti? Mungu akikuitikia je?"

Nikamwambia hiyo ndiyo sanaa.

"Sanaa ya nani? Ya Izraili?" Akakata simu.

Juzi amenipigia tena kunitakia heri. Lile la filamu hakuligusa kabisa, na kutoligusa kwake ndiko kulikonitisha. Kwa sababu Jumatatu nafanyiwa upasuaji wa moyo.

Daktari alinieleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia ya stesheni. Watanifungua kifua. Watausimamisha moyo, mashine ishike kazi zake mpaka wamalize kubadilisha vali, kisha watauamsha tena. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefahamu. Binti yangu Salma, ana miaka kumi na saba, nikamwambia ni operesheni ndogo. Mama yake alishatangulia. Tumebaki wawili tu nyumba hii, na sikuwa na moyo wa kumwambia habari za moyo.

Leo mchana akaja na diski ya ile filamu, kaiokota duka la mitumba. Yeye husema Kiingereza, mimi hujibu Kiswahili, tunakwenda hivyo hivyo. "Kaa hapa, baba," akasema, "nataka nikuone ukifa."

Nitaihukumu kama mtazamaji, si kama marehemu. Kasoro inazo tele. Sehemu ya kwanza ilitisha kwa kuwa muuaji hakuwa na jina: mpagazi wa hospitali, barakoa usoni, anasukuma kitanda cha magurudumu, basi. Sehemu ya pili wamempa utoto, mama wa kambo na mwalimu mchapaji, na askari kanzu anatusomea faili lake muda wa kutosha kuivisha pilau. Mpaka anainua kisu, nilitaka nimkaribishe chai. Vijana nao hawafundishiki. Wanajua fika wenzao waliuawa mle mle, lakini kikisikika kishindo wanatawanyika, kila mmoja na chumba chake. Na damu ni rojo la tungule, nyanya tupu.

Uzuri wake ni gurudumu.

Kile kitanda kina gurudumu moja bovu, linalia wii, wii. Hakuna muziki. Muuaji hakimbii kamwe. Anatembea, kama mtu anayejua kwamba mwishowe mtakutana tu.

Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa damu. Nimekaa kwenye korido, karatasi mkononi, nikalisikia nyuma yangu. Wii, wii. Nikajiambia, Sudi, hospitali ina vitanda. Nikageuka. Korido tupu, na mlango wa mwisho ulikuwa bado unayumba.

Salma sijamwambia hilo. Hata hapa naliandika haraka haraka.

Kipande changu ni cha mochwari. Msichana aliyenusurika anajificha chini ya shuka, katikati ya maiti sita. Muuaji anaingia, anafunua mashuka, moja baada ya jingine. Tulikirudia mara kumi na moja, na baridi ya mle ndani haikuwa ya kuigiza. Chini ya shuka pumzi yangu ilinirudia usoni. Nje hakukuwa na sauti yoyote. Nikahisi watu wote wameondoka, wameniacha na wenzangu watano, ambao sasa sikuwa na hakika nao. Pumzi zikanishinda.

"Wewe wa tatu!" mwongozaji akafoka. "Umekufa au hujafa?"

Wakacheka, maiti wote pamoja. Nikadhani kosa lile watalikata. Hawakulikata.

Leo Salma aliliona kabla yangu. Shuka la kwanza linafunuliwa. La pili. La tatu, muuaji hajaligusa bado, linapanda taratibu, linashuka. Linapanda, linashuka. Hofu yote ya kile kipande ikaanguka pale pale. Kasoro kubwa kuliko zote katika filamu ile ni mimi.

Akacheka mpaka akashika mbavu. Akarudisha nyuma tena, na tena. Mara ya nne hakucheka. Mara ya tano akasema, bila kunitazama, kwamba kijitabu cha hospitali kuhusu upasuaji alikisoma tangu Jumatano. Nilikuwa nimekificha kwenye ndoo ya mchele, nikasahau kuwa siku hizi anayepika ni yeye.

"Kwa hiyo moyo watausimamisha."

"Kidogo tu, mwanangu."

"Na ukikataa kuamka?"

Bomba likagonga ukutani. Yeye akabonyeza rimoti, shuka likapanda, likashuka.

"Ufanye hivi hivi," akasema. "Wakufunike, wakae kimya, wafanye yao. Halafu wewe uwaharibie."

Nilimwomba radhi kwa kumficha. Akasema atafikiria, akanyanyuka kwenda kuosha mchele.

Namsikia jikoni sasa hivi. Picha kaiacha imesimama, shuka limepanda, halijashuka. Rimoti iko karibu na mkono wangu na sithubutu kuigusa.

Kesho nitampigia Zuwena nikiri kuwa alikuwa na haki, jambo zito kuliko kupasuliwa. Keshokutwa, atakayeniinamia pale kitandani akajiuliza kama nimekufa au sijafa, Mola anijaalie niiharibu na filamu ile.