Fungu la Mgeni

Lodwar, 3 Machi 1997

Mpendwa mdogo wangu Adhieu,

Ejok! Salamu ya Kiturkana ninayoijua ni hiyo tu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto. Hapa joto linatupika lakini tunasukuma siku. Jerusha mdogo hajambo? Mwambie Jerusha mkubwa anasema miaka mitano ni mingi, aanze kuniandikia mwenyewe.

Nina habari njema. Nimepata kibarua kwenye shirika moja hapa mjini. Wafadhili wanataka kujua chakula kinapotelea wapi, tangu mashamba ya Kitale mpaka kwenye sufuria za wakimbizi huko Kakuma. Basi kazi yetu ni kupima: magunia yanayotoboka kwenye lori, mahindi yanayomwagika ghalani au kuliwa na fukusi, na mwisho kile kinachobaki kwenye sahani. Mkubwa wetu ni Bwana Barasa, mtu wa kwetu Bungoma, hacheki hata umtekenye.

Nyumba za kupimwa kambini tunachagua sisi. Nimeingiza yako na za mstari wenu wote, maana kila nyumba itapewa mche wa sabuni. Tunakuja Alhamisi ya wiki ijayo, nami nitakuwemo. Tumekatazwa kusema mapema, lakini wewe nitakuficha nini? Tulilala vitanda jirani pale hospitali, mimi nikatoka mikono mitupu, wewe ukampa binti yako jina langu. Huo ni undugu. Barua hii nimempa Ereng, dereva wa lori la soda. Jibu mpe yeye.

Dada yako,
Jerusha mkubwa

Kakuma, 16 Machi 1997

Dada yangu Jerusha,

Salamu nyingi. Sisi wazima, sijui ninyi. Kiswahili changu ni cha foleni ya maji, kwa hiyo makosa utanisamehe.

Dada, tulifurahi! Sabuni tumepata, na kina mama bado wanakutaja: yule mama wa mizani, mpole, ana mwili wa mtu wa heshima. Kitu kimoja tu kimeniuma. Hukula. Ulikaa kwangu mpaka jua likageuka, ukapima, ukaandika, na sahani ukaiacha vilevile, na wenzako pia. Nikasema labda ni mambo ya kazi. Siku nyingine uje bila mizani.

Achan wa nyumba ya pili anakusalimu.

Mdogo wako,
Adhieu

Lodwar, 22 Mei 1997

Adhieu mdogo wangu,

Hamjambo? Najua hatujambo yenu ni ya mdomoni tu, maana habari za mgao mpya mmeshazisikia. Nina hasira na nina aibu, sijui nianze na ipi.

Ripoti imesema ghalani hakipotei kitu cha kusemwa, njiani kinapotea kidogo, ila majumbani kwenu ndiko kinakotupwa: karibu theluthi ya kilichopikwa. Ningebisha, lakini nilipima kwa mikono yangu. Kwako sufuria ilibaki nusu, watoto wamesukuma sahani zao kama watu walioshiba tangu jana, na sahani tatu hazikuguswa kabisa. Mimi nilishukuru Mungu, nikasema kumbe wanapata cha kutosha. Wafadhili nao wamesema kama kinatupwa, basi kipunguzwe.

Mbona mlitupa? Mwenye njaa hatupi. Nijibu upesi.

Dada yako,
Jerusha

Kakuma, 1 Juni 1997

Dada,

Leo sikuulizi hali, na yangu usiniulize.

Nani alitupa? Ulipoandika kwamba unakuja nilikwenda kwa Achan kuazima unga. Achan naye akaazima mbele, mstari mzima tukaazimana. Chakula cha wiki tulikipika siku moja. Mgeni anakuja kwenye nyumba ya mtoto mwenye jina lake, akute uji? Na kwetu mtu hali mbele ya mgeni mpaka chini ya sahani ionekane. Hiyo ni kumwambia mgeni kwamba amekuja kwenye njaa. Watoto niliwaonya tangu asubuhi: kuleni nusu, mkishasukuma sahani msiitazame tena. Jerusha aliitazama, nikamfinya.

Na zile sahani tatu zilikuwa zenu. Ni fungu la mgeni, dada! Mlikataa kula, mkaliweka kwenye mizani, mkaliandika takataka.

Mlipotoka tu watoto walimaliza kila kitu, wakalamba na sufuria. Hilo hamkulipima. Baadaye tulishinda na maji ya moto ili kurudisha unga wa watu.

Sasa mgao umekatwa na kidole ninanyooshewa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia mnakuja. Wanasema dada yako ametuuza. Sema na huyo Barasa. Watoto hawa hawatafika mwisho wa mwaka.

Adhieu

Lodwar, 20 Juni 1997

Mdogo wangu Adhieu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Nisamehe. Salamu sina, nina hiyo tu.

Nilimwendea Bwana Barasa nikamweleza yote, hata kwamba niliwapasha habari. Akaniambia, "Madam, unataka niambie wafadhili hesabu zetu ni za uongo? Ripoti imeshaenda Nairobi. Na wewe umevunja sheria ya kazi."

Nikamjibu, "Mkubwa, hata wenye ghala walijua tunakuja. Wao walifagia, kina mama wakapakua. Sisi tulipima maandalizi tu."

Mwishowe akasema Agosti kutapimwa tena, bila kutangaza. Mimi nimeondolewa, nafunga faili tu ofisini. Atakuja msichana anayeitwa Chepngetich, ni mwaminifu.

Nakuomba, safari hii msiazime wala msipike cha kuonyesha watu. Mwacheni aione njaa ilivyo. Najua ninachokuomba ni kizito kuliko njaa yenyewe. Ereng ana maharage kidogo, yapokee.

Dada yako,
Jerusha

Kakuma, 11 Septemba 1997

Dada Jerusha,

Naandika haraka, Ereng ameshawasha lori.

Chepngetich alikuja. Nilikuwa nimewabembeleza kina mama, wengine walilia, lakini tulikubali kuaibika. Alikuta majivu baridi. Akaniuliza, "Mama, mabaki iko wapi nipime?"

Nikamwambia, "Mabaki hakuna. Hakuna mtu amepika."

Akaandika sifuri. Kwa Achan sifuri, mstari wote sifuri. Nikamwambia, "Binti, andika pia sisi hatujakula." Akasema, "Mama, mimi natumwa kupima ile imemwagwa tu." Macho yake yalikuwa na maji.

Juzi tumeitwa mkutanoni. Tumepongezwa, dada! Wamesema kina mama wa Kakuma wameacha kupoteza chakula, kwa hiyo mgao huu mdogo ndio unaofaa, na utabaki huuhuu. Wengine wakapiga makofi. Mimi sikuwa na nguvu ya kupiga.

Jerusha amevimba miguu. Kwenye zahanati wanasema mtoto ale, nami sikuwabishia. Nimempandisha kwenye lori. Polisi wa njiani wakiuliza kibali cha kutoka kambini, Ereng atasema ni wa kwake. Mimi nilimzaa, jina ni lako, mpe na sahani. Usimrudishe mpaka nikuite, na usiniandikie kunifariji.

Mdogo wako,
Adhieu

Lodwar, 19 Septemba 1997

Adhieu,

Umesema nisikuandikie, nimeshindwa kukutii. Mtoto amefika salama. Daktari amemwona, amesema tumewahi.

Jioni ya kwanza nilimpikia ugali na samaki wa ziwani Kalokol, nikakaa naye. Akala nusu, akasukuma sahani, akageukia ukuta. Nikamwambia, "Maliza, mama." Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Mimi ni Jerusha kama wewe. Hapa ni kwenu."

Akasema polepole, "Wewe ni mama ya mizani."

Nililia mbele ya mtoto, sikufichi. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Niliporudi, sahani ilikuwa nyeupe na yeye ameangalia ukutani vilevile.

Ile kazi nimeiacha, nauza mandazi sokoni. Kila jioni sasa ninapakua, ninatoka, ninafunga mlango, na ninangoja mpaka nimsikie ananawa. Miguu imeanza kupungua. Majirani wananiuliza kwa nini ninafukuzwa kwangu wakati wa chakula, nami sijui niwajibu nini.

Jana niliuacha mlango wazi kidogo. Hakula. Njoo, Adhieu, ukipata njia yoyote, njoo umwambie mwenyewe kwamba mimi si mgeni.

Dada yako,
Jerusha