Wewe wa Mkono wa Kushoto, Niambie: Petroli au Stima?

Mpendwa ndugu yangu Stefano,

Amani ya Bwana ikutangulie kabla karatasi hii haijakufikia. U hali gani wewe, na mke wako, na watoto? Lile goti lililokuwa likikusumbua wakati wa mvua limepoa, au bado linakuamsha? Sisi huku Malaba tuko, kwa neema ya Mungu. Mama bado anatembea mwenyewe mpaka kanisani, ingawa siku hizi lazima aketi kidogo njiani. Lori lolote likishusha watu kutoka upande wenu, yeye hunyoosha shingo. Halafu anarudi kuchambua mboga zake, kama mtu ambaye hakuwa akitazama kitu.

Barua hii naituma bila kuifunga. Dereva atakayeibeba amesema barua iliyofungwa inaleta maswali kwa askari wa mpakani, afadhali iwe wazi, anayetaka kusoma asome. Basi wewe unayeisoma kabla ya Stefano, nawe nakusalimu. Humu utakuta mambo ya nyasi tu. Habari za huko sitakuuliza, ndugu yangu, nawe usiziandike.

Jambo lenyewe ni hili. Wazee wa kanisa wanataka kununua mashine ya kukata nyasi. Unajua tangu ulipovuka kwenda Jinja, kazi ya uwanja wa kanisa nimeifanya peke yangu: uwanja wote, ua la manyara, bustani ya mchungaji, mpaka kule chini mtoni. Kila mwaka walipotaka kuleta mtu mwingine nilikuwa nawaambia ngojeni, nafasi hiyo ina mwenyewe. Nao wakangoja, Mungu awabariki. Lakini mvua hizi zimenishinda. Nikifika mtoni, nyasi za mlangoni pa kanisa zimeshanifika magotini. Mzee Barasa, yule mweka hazina, alisimama mkutanoni akasema kwa upole wake ule ule, "Ndugu zangu, hatuwezi kufuga nyasi eti tunamngoja mtu." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Stefano, lakini nilikuwa naangalia chini.

Nilikuwa nikimkumbuka baba. Unakumbuka alivyojaribu kukuhamishia slasha, chuma chetu cha kufyekea, mkono wa kulia? Alikupigia kelele msimu mzima. Ulikuwa ukiishika hivyo akitazama, akigeuka tu unairudisha kushoto. Nyasi zako zilikuwa zinaangukia juu ya zangu, nami nakusukuma, tunagombana kama kuku. Mpaka siku ile alipochoka akaketi juu ya jiwe, akatutazama kwa muda, akasema, "Simameni bega kwa bega. Wa kushoto akae kushoto." Tukaenda hivyo. Nyasi zangu zikaangukia kati, na zako zikaangukia kati, zikalala mstari mmoja, mrefu, umenyooka kama barabara. Mama alikuja na reki akauliza ni nani amezipanga. Kesho yake baba alikupelekea slasha kwa fundi wa chuma, ikapindwa upya kwa ajili ya mkono wako.

Sasa nikifyeka peke yangu nyasi huangukia upande mmoja tu. Kazi inaisha, si kwamba haiishi. Lakini nikifika mwisho wa uwanja nikageuka kutazama nyuma, naona kama sentensi ambayo mtu ameiacha katikati. Hata wimbo siku hizi naanza mimi, na kuitikia naitikia mimi.

Basi walinituma Busia nikaangalie mashine, niwaletee neno kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Kuna duka la vifaa karibu na soko. Kijana wa duka, mchangamfu sana, alinipeleka nyuma penye majani akanionyesha mbili.

Ya kwanza ni ya petroli. Ina injini ndogo unayoivaa mgongoni kama mtoto, na mkono mrefu wa chuma. Mkono ule unabadilishwa vichwa. Kuna cha kufyeka nyasi, cha kusawazisha ua, cha msumeno wa matawi, tena kuna cha kutifua bustani. Bei yake ni ya chini kwa kazi zote hizo, ndiyo maana wazee wameipenda hata kabla ya kuiona. Lakini jina lililoandikwa juu yake sijapata fundi hapa anayelijua. Siku kifaa kikivunjika, sijui tutakitoa wapi. Na vile vichwa vyote vinategemea injini ile moja, ikilala, vyote vimelala. Petroli yenyewe inachanganywa na oili, na petroli siku hizi, wewe mwenyewe unaijua bei yake inavyopanda.

Kijana aliipigapiga mgongoni akasema, "Mzee, hawa ni wanaume wanne."

Nikamwuliza, "Na hao wanne wanaimba?"

"Wanaimba sana," akasema, akavuta kamba. Stefano, kuku wa jirani mpaka leo sijui kama wamerudi. Masikio yangu yalilia mpaka Malaba.

Ya pili ni ya stima, ya umeme wa waya. Hiyo kwa kweli ni ya kistaarabu. Unabonyeza, inaamka, unaachilia, inanyamaza. Haina moshi, ni nyepesi, na ndege unawasikia. Mzee Barasa anaitaka hiyo, kwa sababu nguzo za stima zimeshafika kanisani, na akina mama wakiwa kwenye maombi haitawapigia kelele. Lakini hiyo inakata nyasi tu. Ya ua ni nyingine, inauzwa peke yake. Kisha kuna ule waya. Nilimwambia kijana, huyu ni mbuzi wa kamba, anakula mpaka kamba inapoishia. Kule mtoni hafiki. Na unajua sisi hufyeka asubuhi na umande, nyasi zikiwa laini. Kijana aliposikia umande alitikisa kichwa. Alisema hii ya stima usiiguse majani yakiwa na maji, ungoje jua likaushe kila kitu. Sasa nitakuwa nikiamka mapema kungoja jua?

Nilirudi nimechanganyikiwa. Nilitamani sana kukukuta nyumbani. Wewe ndiye ulikuwa na macho ya kupima vitu, hata siku ile utomvu wa manyara ulipokuingia jichoni. Mimi nilikuwa nalia kwa hofu, wewe uliendelea na ua na jicho moja, ukasema Mungu amekuachia hilo la kutazamia chakula. Mama alicheka huku anakuosha. Na ua lile lilinyooka kuliko yote tuliyowahi kukata.

Nilimweleza mama habari za mashine zote mbili, moshi wa hii na waya wa ile. Alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Na hiyo mashine ikija, Stefano akirudi atashika nini?"

Na hapo ndipo nikajua kwamba hilo ndilo lililokuwa likinisumbua tangu mkutanoni. Moshi na bei nilikuwa navisema tu. Mashine ni kazi ya mtu mmoja. Siku nitakapoivaa mgongoni nitakuwa nimewaambia wazee, bila kufungua mdomo, kwamba nafasi yako sasa haina mwenyewe.

Niliomba juu ya jambo hili. Sikusikia sauti, nisikudanganye. Nilipata tu nguvu ya kurudi Busia. Nilimwuliza kijana swali moja: mtu wa kushoto akitaka kuzitumia, atafanyaje? Aliniangalia mikono. "Lakini mzee, wewe ni wa kulia. Nilikuona juzi."

"Si mimi," nikamwambia.

Kijana aliichukua ile ya stima, akanionyesha kishikio chake kilivyoumbwa, na swichi yake inavyokaa chini ya kidole gumba cha kulia. Hiyo haigeuki. Kisha akachukua spana, akalegeza nati za ile ya petroli, akazungusha kishikio kikaelekea upande wa pili, akakaza tena. Akaivaa mgongoni, mkono wake wa chuma ukatokea upande wa kushoto, ikakaa vizuri kabisa. Nilisimama pale nikaitazama, na kijana akajifanya anapanga misumari.

Kwa hiyo mawazo yangu yako hivi. Kama unakuja, hata kama si mwaka huu, nitawaambia wazee wachukue ya petroli. Wacha ipige kelele, wacha fundi asiijue. Tutapokezana, wewe ukiivaa mimi nitakuwa kando yako na slasha, na mtoni tutafika. Lakini kama njia imefungwa, au kama maisha yako sasa ni ya huko, basi nitawaachia ya stima. Ni nyepesi, inamtosha mtu mmoja anayezeeka, na Mzee Barasa atafurahi. Kule mtoni nitaendelea na slasha yangu, pole pole.

Slasha yako iko ukutani pale pale. Naipaka mafuta isipate kutu, na tupa nimeipitisha kwa upande wako. Mama akipita huigusa.

Najua kuandika huko si rahisi. Usiandike mengi. Mwambie dereva neno moja tu, petroli au stima, naye ataniletea. Ni neno la nyasi, hakuna atakayemwuliza kitu. Mimi nitaelewa, na mama nitamweleza polepole kwa namna atakayoweza kuibeba.

Bwana akufunike wewe na nyumba yako. Mke wangu na watoto wanakusalimu. Mdogo anakujua kwa slasha tu, anauliza mbona imepinda upande usiofaa.

Tafadhali nijibu upesi, Sikukuu ya Mavuno iko karibu.

Ni mimi kaka yako,
wa mkono wa kulia.