Mama Maria wa Sketi ya Ngozi

Jumanne, 15 Julai 2025

Leo nimemfokea mwenyekiti wa kigango mbele ya watu. Sijutii. Joakimu! Mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, mama yake akiwa shambani. Anasafisha stoo ya kanisa, anatoa takataka za kuchoma — viti vilivyovunjika, magunia yaliyotobolewa na panya — na juu ya rundo ameweka picha ya Mama Maria. Ile ya mbao, kubwa kama mlango. Kazi ya Sista Scolastica!

Nikasema hiyo hapana. Akasema shikamoo bibi, hiyo imeshakufa, nyeusi kama sufuria, na yeye ameshaona nyingine Arusha, inang'aa, ina taa ndani. Taa! Nikamwambia taa kaweke baa. Akasema halafu hii hata siyo ya sista, aliichora padri mzungu, kila mtu anajua. Nikamwambia Sista alikuwa binti wa hapa hapa Endasak, nilimwona akiichora kwa macho yangu, na Mama Maria amevaa sketi ya ngozi ya bibi zetu, ina shanga. Wakacheka. Eti Bibi Fransiska kazeeka, Mama Maria na ngozi wapi na wapi.

Nikapanda juu ya rundo nikakaa. Nikasema haya, washa kiberiti. Nilikaa mpaka Padri Severine akafika na pikipiki.

Picha imerudi ndani. Magoti yananiuma lakini imerudi.

Jumamosi, 19 Julai

Padri amesema kuna fundi wa picha za zamani anafanya kazi kanisani Mbulu, atapita huku. Zita anasema fundi akiuliza nani aliipaka mafuta, tunyamaze. Zita ni rafiki yangu toka tulipochunga ndama pamoja, na woga wake ni ule ule. Tunyamaze kwa nini? Mama akijifungua tunampaka siagi. Bibi arusi tunampaka siagi. Basi kila sikukuu ya Kupalizwa mbinguni sisi akina mama tulimpaka Mama Maria, siagi safi ya kibuyu, miguuni mpaka mkono unapofika. Sista mwenyewe alituona, hakukataza. Tuliacha walipoweka vigae kanisani, picha ikatupwa stoo. Aibu ni ya walioweka vigae.

Mahindi bado sijapukuchua. Upepo wa mlima mbaya sana.

Alhamisi, 24 Julai

Fundi amekuja. Nilitegemea mzee wa miwani. Kumbe binti! Violeth. Suruali, tochi kichwani kama mwindaji. Lakini ana adabu, amenisalimu shikamoo huku amepiga goti, suruali na yote.

Akaiangalia sana. Akapitisha kidole. Akauliza: nani alipaka mafuta? Zita akaninyooshea kidole — Zita! Nikasema tulipaka wote, na huyu anayeninyooshea kidole ndiye aliyekuwa anapaka mengi kuliko wote.

Violeth akasema mafuta ndiyo yaliyoshika moshi wa mishumaa, ndiyo maana picha ni nyeusi. Joakimu akakohoa kile kikohozi chake cha ushindi. Binti akasema subiri mwenyekiti. Akamulika juu. Paa la stoo linavuja, maji yameingia, rangi upande wa juu imebanduka — bega, na shavu moja la Mama. Pale ambapo mikono yetu haikufika. Palipo na siagi maji yaliteleza, rangi iko pale pale, haijaguswa. Akasema mmeichafua na mmeiokoa.

Nikamwomba aseme tena, taratibu, Joakimu asikie. Akasema tena!

Jumapili, 27 Julai

Nimegombana na Violeth. Ameanza kuosha. Anachukua kijiti, anazungushia pamba, anakitia mdomoni, halafu anamfuta nacho Mama Maria. Mate! Niliinuka kwenye benchi na fimbo yangu. Akasema bibi tulia, mate yanalainisha uchafu bila kuumiza rangi, hata Ulaya wanafanya hivyo.

Ulaya siijui. Hapa kwetu mate ni baraka, na baraka inatoka kwa mzee, haitoki kwa mtoto ambaye hajaolewa. Nikamwambia kama lazima mate, basi yangu. Halafu akanipa kijiti. Akanionyesha: unazungusha, husugui, pamba ikichafuka unatupa.

Nimefanya mpaka mdomo umekauka. Sehemu ndogo kama kiganja. Chini ya weusi kukatokea wekundu wa udongo. Udongo wetu huu huu!

Zita anataka zamu na yeye. Nimemwambia asubiri.

Jumatano, 6 Agosti

IMETOKEA!

Violeth alikuwa na dawa zake kwenye sehemu ngumu, mimi na Zita na mate yetu kwenye sehemu laini. Alianza Zita, akasema Fransiska, njoo uone shanga. Nyeupe. Halafu nyekundu. Halafu mstari mzima umezunguka pindo. Sketi! Sketi ya ngozi, imekunjamana kwenye goti vile vile kama ya bibi yangu akikaa kusaga.

Nilipiga kigelegele, jengo zima likasikia. Watu wakaja na majembe mkononi. Akaja hata mama mmoja wa Kidatoga, wale wafugaji jirani zetu, kutoka Dirma, aliyekuwa anapita na ng'ombe wake kuelekea mnadani, hajawahi kuingia kanisani maisha yake. Akatazama. Akasema hiyo sketi ni ya kwetu. Nikasema ni ya kwetu sisi. Tukabishana pale mbele ya altare mpaka ng'ombe wakaingia kwenye maua ya padri. Raha!

Na pembeni chini, kwenye kona, Violeth akafuta pole pole. Herufi. SCOLASTICA. 1957. Nikamwambia Joakimu asome kwa sauti, si yeye ana kidato cha nne. Akasoma. Akasema labda sista ndiye aliyekuwa anaifuta vumbi. Watu walimzomea! Akavua kofia, akacheka na yeye. Akasema haya bibi, umeshinda.

Najua. Nilitaka tu aseme.

Jumatatu, 11 Agosti

Habari imefika Mbulu. Picha za simu zimezunguka kila mahali, mpaka Basotu wanapiga. Sasa wakubwa wa jimbo wanaitaka picha ikae kwao, eti huku tutaiharibu. Jana ilikuwa ya kuchoma, leo ni yao!

Padri Severine ametupigania. Wamekubali ibaki kwa sharti moja: isiguswe na mtu. Siagi hata tone hapana. Ijumaa, sikukuu yenyewe ya Kupalizwa, mjumbe wao anakuja kuangalia. Akikuta mafuta, anaibeba siku hiyo hiyo.

Nilimwuliza Violeth, siagi si ndiyo iliyoiokoa? Akasema ndiyo bibi, ilikuwa inavujiwa, sasa haivujiwi tena. Shavu lililobanduka amelijaza kwa vimistari vyembamba, ukiwa mbali unaona shavu, ukisogea unaona amekubali hajui lilikuwaje. Hiyo nimeipenda.

Halmashauri ya kigango imetafuta mlinzi wa kusimama pale Ijumaa na kuzuia watu. Joakimu akanitaja mimi. Nimekubali kabla hajamaliza.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaonya wanawake. Nimefoka mpaka sauti imekauka. Atakayekuja na kibuyu atanitambua.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi. Baridi. Gauni jipya, fimbo, rozari.

Na nimesukasuka maziwa. Sikufikiri. Niliamka, mikono ikachukua kibuyu yenyewe kama kila Kupalizwa, nikashtuka siagi imeshashikana. Safi! Haijawahi kutoka safi hivi.

Leo anarudi mahali pake juu ya altare, jina la Sista limeandikwa chini kwa herufi kubwa, sketi inaonekana toka mlangoni. Na aingie mkavu? Kama mgeni? Bibi arusi gani huyo?

Nimekitia kibuyu kikapuni. Nimekitoa. Nimekitia, nimefunika na kitenge.

Zita yuko nje anaita, anasema mlinzi unachelewa, gari la Mbulu limeshapita. Nimemchungulia dirishani. Na yeye ana kikapu, na yeye amefunika.

Anakitazama kikapu changu. Mimi nakitazama chake. Nashika fimbo na kikapu, natoka.